Mgongo wa Nyumbani

Kwetu mwanamume haumwi pale. Huumwa mgongo. Anaweza kuwa ameoa juzi, kanenepa, anabeba gunia la korosho kutoka shambani bila kutua, lakini akifika zahanati ataegemea mlango, atatazama chini, na kusema mgongo unamsumbua. Dresa hakuwahi kumcheka mtu wa namna hiyo. Alimtazama kidogo juu ya miwani, kisha akamwuliza kwa sauti ile ile aliyoulizia homa na kuhara: "Mgongo wa kubebea mzigo, au mgongo wa nyumbani?"

Wa mzigo alipewa vidonge vyeupe na kuambiwa apumzike. Wa nyumbani aliambiwa, "Jumanne urudi na mkeo." Hapo wengi waligundua kwamba mgongo umepona ghafla, wakaaga. Mimi niliaga mara mbili.

Tulimwita Dresa kwa sababu alianza kazi enzi za wakoloni kwa kufunga vidonda, na cheo hicho kilimganda hata baada ya Uhuru, alipoachiwa zahanati nzima peke yake kule karibu na mahali Ruvuma inapoingia baharini. Jina alikuwa nalo, bila shaka, lakini sikumbuki kumsikia mtu akilitumia. Alivaa kaptula ya kaki iliyopigwa pasi na soksi ndefu hadi magotini, jua liwe kali namna gani. Ukitema mate karibu na ngazi zake alikufukuza na fimbo, hata uwe na homa ya digrii arobaini. Vidonge vya malaria hakukupa ukameze nyumbani. Ulimeza mbele yake, ukafungua kinywa, ukainua ulimi, naye akachungulia kama anatafuta kitu kilichopotea.

Tena, nasema kwa heshima zote, alikuwa mmbeya. Bei ya ngisi, nani kagombana na nani kisimani, sheikh anavyokoroma baada ya adhuhuri, mwenyekiti wa kijiji aliyeogopa sindano akajifungia chooni, yote uliyapata kwa Dresa kabla chai haijapoa. Akicheza bao aliiba kete waziwazi, na ukimshika alisema macho yake mabovu. Lakini jina la mwenye mgongo wa nyumbani halikutoka kinywani mwake hata siku moja. Miaka yote niliyokaa kijijini pale sikujua ni nani mwingine aliyekuwa na shida kama yangu, na nilijaribu sana kujua, maana mgonjwa hupenda wenzake. Siku moja nilimtega kwa samaki wa kuchoma. Alimla samaki, akanisimulia kisa kirefu cha mtu wa Mtawanya aliyemwacha mke akaenda kumposa dada wa mke huyo, akafuta mikono, akaondoka. Mtu kumwaga maneno yote ya dunia akabakiza mtungi mmoja umefunikwa! Mimi siwezi. Ndiyo maana nayaandika haya.

Shida yangu ilikuwa hivi. Nilimwoa Somoe mwaka 1966. Kwa desturi ya kwao, watu ambao babu zao walivuka kutoka ng'ambo ya Ruvuma, mwanamume huhamia kwa wakwe na kulima huko, macho ya ukoo mzima yakimtazama. Nyumba yetu ilikuwa hatua kumi kutoka kwa mama mkwe, kuta za fito na udongo. Siku ya kwanza sikuweza. Ya pili sikuweza. Wiki ilipopita, kungwi wa Somoe alimwuliza, Somoe akasema kweli, na kesho yake nikakuta sahani mlangoni: mihogo mibichi, nazi na karanga. Siku iliyofuata ikaja supu ya pweza. Jamani, nilikunywa supu ya pweza hata nikaogopa kuota mikono minane. Na kila sahani iliyoletwa ilikuwa ni mtu anabisha hodi kuuliza, "Vipi, tayari?"

Nikakimbilia mjini, Chuno, kwa bwana mmoja aliyekuwa akiwachoma watu sindano chumbani kwake. Huyo aliniambia kwamba nina ugonjwa, kwamba una jina la Kizungu, na kwamba unataka sindano kumi. Nilifurahi ajabu. Ugonjwa si aibu. Ugonjwa ni kama surua, humpata yeyote. Nikachomwa. Lakini kila niliporudi, wakwe walijua nimetoka kuchomwa, na nyumba zote za jirani zikawa na masikio. Baada ya sindano ya nne nilikuwa naogopa hata kuvua viatu. Sikuzimaliza zile kumi.

Mjomba wa Somoe, ambaye kwa desturi yao ana sauti juu ya mpwa wake kuliko baba mzazi, alilipeleka jambo kwa sheikh. Sheikh akatoa hukumu kama ilivyo kitabuni. Mume asiyeweza hupewa mwaka mmoja, majira yote yapite, masika na kiangazi, baridi na joto, kwani huenda mwili uliofungwa na msimu mmoja ukafunguliwa na mwingine. Mwaka ukiisha naye bado hawezi, mke akitaka, ndoa inavunjwa. Mjomba aliushika mwaka ule kichwani, akawa anahesabu miezi kwa vidole kila tulipokutana njiani. Alikuwa ameshamwona mwanamume mwingine, mwenye mikorosho mingi kuliko yangu.

Nami nilimpenda Somoe. Niseme wazi, maana wakati ule hakuna aliyeniuliza. Nilimpenda tangu siku niliyomwona akibangua korosho, vidole vyeusi kwa utomvu, huku akimsuta mchuuzi wa samaki hata mchuuzi akaongeza samaki bila kuombwa. Wazo kwamba ningeondoka uani kwao na mkeka wangu kichwani lilinikondesha. Ndiyo maana mara ya tatu Dresa aliponiuliza mgongo gani, sikuaga.

Jumanne ya kwanza, kabla ya jambo lolote, alimwacha Somoe barazani, mimi akanipeleka nyuma ya zahanati akaniamuru nikojoe kwenye mchanga chini ya mpapai. "Sasa kaa hapo," akasema, "ungoje sisimizi." Akaniacha nimechuchumaa nikiutazama mchanga wenye maji, mwanamume mzima. Alirudi baada ya muda mrefu, akainama, akatazama. Sisimizi hawakuja. "Huna sukari," akasema, na badala ya kuniruhusu niinuke, akachuchumaa kando yangu, akanieleza kwa nini.

Alikuwapo mpika chumvi, hakumtaja jina, aliyekuja na mgongo wa nyumbani. "Nilimpa maneno mazuri miezi mitatu," Dresa alisema. "Na mtu yule alikuwa anamaliza mtungi wa maji kwa siku, mbele ya macho yangu. Nikadhani ni joto la tanuri lake. Kumbe alikuwa na ugonjwa wa kweli, wa kupelekwa hospitali kubwa, na mimi namwambia haumwi. Alipoteza mguu, kisha roho. Maneno yangu mazuri ndiyo yaliyomchelewesha. Basi siku hizi kwanza nauliza sisimizi, halafu ndiyo naanza kujifanya najua."

Nimekwenda kwa waganga wengi tangu siku ile, wa mizizi na wa makoti meupe. Wote waliniambia habari za watu waliowaponya. Dresa peke yake ndiye aliyeniambia kwanza ni mtu gani aliyemfia mikononi, halafu akaniuliza kama bado nataka anitibu. Magoti yalikuwa yanauma kwa kuchuchumaa, nami nilimtazama mtu yule kwa mshangao ambao haujaniisha mpaka leo.

Matibabu yenyewe yalikuwa bendeji. Miaka ile kulikuwa na vita ng'ambo, na watu walivuka mto na majeraha. Bendeji hazikutosha, kwa hiyo zilifuliwa, zikachemshwa, zikaanikwa kwenye kamba, kisha zikahitaji kukunjwa upya. Kuikunja bendeji ndefu peke yako ni taabu. Mmoja hushika ncha na kuikaza, mwingine hukunja kutoka upande wake akisogea polepole, hadi mikono inakutana. Dresa alituketisha barazani na kapu lililojaa, akatuambia tukunje mpaka liishe. Waliopita waliona mke na mume wanajitolea kwa ajili ya majeruhi. Tulisifiwa hata msikitini.

Na kulikuwa na mwiko. "Dawa yangu ina masharti," alituambia, kidole juu. "Mpaka nitakapowaruhusu, marufuku. Mlale kitanda kimoja, mwongee, mcheke mkitaka. Zaidi ya hapo dawa inaharibika."

"Dawa yenyewe iko wapi?" nikauliza.

"Umeshaianza," akasema, akaenda kumfukuza mbuzi.

Sikushangaa. Kwetu dawa isiyo na mwiko ndiyo inayotiliwa shaka. Ukipewa mzizi utaambiwa usile samaki asiye na magamba. Ukipewa hirizi utaambiwa usiivae mazikoni. Tulichukua mwiko wa Dresa kama ulivyo, nami nililala usingizi wa kwanza mzito tangu harusi. Hakukuwa na mtu yeyote, pamoja na mimi, aliyengoja chochote kutoka kwangu.

Jumanne ya tatu, bendeji ikiwa katikati yetu, Somoe alisema bila kuinua macho, "Unajua ukiingia chumbani unanuna kama umeitwa barazani kushitakiwa?"

"Mimi?"

"Wewe. Mimi najilaza pale najiuliza nimekukosea nini."

Nilicheka hata nikaiachia ncha, bendeji ikaanguka mchangani. Dresa akatoka ndani mbio, akatugombeza kwa kuharibu mali ya serikali, akaichukua kwenda kuichemsha tena. Baada ya hapo tulikuwa tunaongea kila Jumanne, na baadaye hata siku ambazo si Jumanne. Nikaja kujua kwamba Somoe alikuwa anamwogopa mama yake kuliko mimi nilivyomwogopa. Nikajua pia kwamba zile sahani za mihogo alikuwa akizila yeye, kuniondolea udhia.

Msomaji asidhani kwamba Dresa aliichukia sindano. Aliipenda mno. Aliichoma kwa mbwembwe, akaisifu baada ya kuichoma, akasimulia sindano za zamani kama mwindaji anavyosimulia wanyama. Mwenye jipu alichomwa, mwenye kikohozi alichomwa. Kwa hiyo siku moja uvumilivu uliponiishia nilimwomba na mimi anichome moja tu, ya kuharakisha.

"Sindano ninayo," akasema. "Nikuchome, halafu? Leo utakuwa unaingoja sindano, humngoji mkeo. Mwili una haya, bwana harusi. Ukiusimamia na fimbo unajificha."

Bwana harusi ndilo jina aliloniita miaka yote, hata nilipoanza kuota mvi.

Mwezi wa nane wa mwaka wetu, mjomba alichoka kungoja. Alikuja zahanati asubuhi, siku ya Jumanne kwa bahati mbaya, na wazee wawili nyuma yake. Wagonjwa walikuwa wamejaa kwenye benchi. Mimi nilikuwa nimeshika ncha ya bendeji, Somoe amesimama na upande wa kukunja.

"Dresa," mjomba akasema, "serikali hapa ndiyo wewe. Niandikie cheti kwamba ntu huyu ni ngonjwa. Kikishaandikwa, sheikh hana haja ya kungoja mwaka. Nke wa ntu si shamba la kungojea mvua."

Niliona kila kichwa kikigeuka kunitazama, na nikatamani ardhi inimeze na bendeji yangu.

Dresa alivua miwani, akaifuta kwa pindo la shati, akaivaa tena. "Wewe sikuandikii," akasema.

"Mimi njomba wake!"

"Nakujua. Na kama unatafuta wa kumlaumu, nilaumu mimi. Hawa nimewawekea mwiko wa dawa. Ni mimi niliyewakataza wasikaribiane. Wewe mtu mzima, umepita jandoni, umeingiza wenzako jandoni. Unataka mwiko uvunjwe kabla ya siku yake, halafu balaa likiingia katika ukoo wako uje tena hapa kuniuliza dawa?"

Hakuna mzee wa kwetu anayebishana na mwiko. Wale wawili waliokuja naye walishaanza kurudi nyuma hatua moja moja. Mjomba akasema, "Basi, kama kuna nwiko," akaaga vizuri, akaondoka. Na watu wa kwenye benchi wakaniangalia upya, safari hii kwa huruma, kama mtu aliyezuiwa asile katika nyumba yenye sherehe.

Mbele ya watu ishirini Dresa alikuwa ameichukua aibu yangu akaivaa yeye, tena bila kusema uwongo hata mmoja. Machozi yalinitoka, nikajifanya ni moshi wa sufuria ya kuchemshia. Somoe aliinamisha uso wake hata sikuuona. Nikadhani ni haya.

Wiki mbili baadaye tuliuvunja mwiko. Ilikuwa mchana wa mvua, watu wote wako mashambani, na tulikuwa tunacheka jambo ambalo hata silikumbuki. Sitaeleza zaidi, wenye ndoa wanajua, na wasio nayo wasubiri. Ninachokumbuka ni hofu iliyotushika baadaye. Tuliketi kitandani tukitazamana. Tumeharibu dawa! Badala ya kushangilia, mimi na mke wangu tuliongozana kwenye matope hadi zahanati, tukasimama mbele ya Dresa kama watoto waliovunja sufuria ya mama yao, nikaungama.

Alitugombeza vibaya sana. Alipiga meza. Alisema kazi ya miezi yote imekwenda na maji, kwamba vijana wa siku hizi hawana subira, na kwamba tuanze upya, mwiko ule ule, bendeji zile zile. Tukaitikia, tukaondoka vichwa chini. Hatukufika hata Ijumaa. Safari hii tuliona aibu kurudi kuungama, na nilipitisha miezi nikizunguka njia ya mbali ili nisikutane naye. Ilinichukua miaka mingi, nikiwa nachoma korosho peke yangu siku moja, kuelewa kwa nini alipokuwa akitugombeza alikuwa ametupa mgongo, na mabega yake yakitikisika kwa kicheko.

Mjomba alipata habari kwa njia ambazo habari hizi hupatikana. Aliniletea jogoo.

Siku hizi naona matangazo ya dawa za nguvu za kiume yamebandikwa kwenye kila nguzo ya umeme, na namba za kupiga. Sibezi, huenda wapo wenye kuhitaji, na mpika chumvi alihitaji. Lakini kila nikisoma moja namkumbuka mzee wa kaptula aliyekuwa na sindano mkononi akakataa kuichoma, na nashangaa alipata wapi nguvu hizo.

Mara ya mwisho nilimwona Mikindani, mwaka 1975. Alikuwa amestaafu, amepanga chumba nyuma ya nyumba moja kuukuu ya mawe, na macho aliyokuwa akiyasingizia kwenye bao sasa yalikuwa mabovu kweli. Nilikwenda na Somoe, na kikapu cha korosho. Alinijua kwa sauti. "Bwana harusi!" akaita kabla sijamaliza hodi.

Tulikunywa chai. Alinisengenyea majirani zake wote. Kisha nikatoa hotuba ambayo nilikuwa nimeitunga njia nzima, kwamba mtu hupewa maisha na Mungu lakini ndoa yangu nilipewa naye, na kwamba asingekuwa na ujasiri wa kukataa kuandika cheti siku ile, leo nisingekuwa na mke.

Dresa akageuza uso upande alipoketi Somoe. "Mwanangu, hukumwambia?"

"Hajaniuliza," Somoe akasema.

"Nimwulize nini?" nikasema mimi.

"Cheti nilikiandika," Dresa akasema. "Jumanne ya kwanza, wewe ukingoja sisimizi. Nilimwita mkeo ndani nikaandika kwamba mumewe hajaweza tangu harusi. Nikapiga muhuri, nikampa mkononi. Nikamwambia, ukichoka, mpelekee sheikh, hata kesho. Kitabu kimesema mke akitaka. Sasa ninyi nyote mlikuwa mnahesabu miezi. Nani alikuwa amemwuliza kama anataka?"

Nilimgeukia Somoe. "Siku aliyokuja mjomba, kilikuwa wapi?"

"Hapa." Akagusa pindo la kanga yake. "Nilikifunga. Nilikuwa hatua mbili nyuma yake."

"Na hukukitoa."

"Mjomba alimwomba Dresa. Hakuniomba mimi."

"Bado unacho?" Dresa akamwuliza, kwa ule umbeya wake wa siku zote.

"Kipo," Somoe akasema.

Dresa alicheka hata akakohoa, akapapasa mezani akitafuta kikombe, na mimi ndiye niliyemshikisha. Miaka tisa nilikuwa nimewasimulia watu jinsi mwanamume mmoja alivyoniokoa mikononi mwa mwanamume mwingine. Na kumbe mtu mwenye ndoa yangu mkononi alikuwa amesimama pale pale akikunja bendeji, kila Jumanne akiamua.

Tuliaga jua likiwa bado kali. Njiani kwenda kituoni Somoe alitangulia, kikapu kitupu kichwani, nami nilimfuata nikikitazama kisigino chake kikiinuka na kushuka. Tulipofika penye mteremko nilimwita. Akasimama. Nikamwuliza jambo ambalo kungwi, sheikh, mjomba na mimi mwenyewe hatukuwahi kumwuliza.

"Somoe, unataka kubaki nami?"

Akakiweka sawa kikapu kichwani.

"Nitakujibu nyumbani," akasema. "Tembea, gari litatuacha."